Mwanga wa Kabla ya Kuanguka

Ukianguka, ukiamka, usiulize umefanya nini. Watakuambia, tena kwa nyongeza. Uliza kwanza mtoto yuko wapi. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwako wewe unayesoma haya umekaa kwenye benchi la hospitali na kadi mkononi. Mimi nilichelewa kuuliza, na nikakaa bila mwanangu Neema zaidi ya mwaka mzima, huku watu wazima wenye akili zao wakibishana kama ugonjwa wangu umetoka kwa Mungu, kwa shetani au kwenye ubongo.

Naitwa Tusekile. Kwetu ni Tukuyu, lakini niliolewa Iringa, kwa Lazaro, seremala wa misheni, na nikapewa kazi ya kuwafundisha wasichana kushona. Kifafa kilinianza miaka ile ya hamsini, kipupwe cha kwanza baada ya kumzaa Neema. Nilikuwa darasani nikiwaonyesha wasichana namna ya kupinda ukosi. Nikaamka niko chini, ulimi nimeung'ata, gauni limelowa, na wasichana wote wamebanana mlangoni. Hakuna aliyenigusa. Hata yule niliyekuwa namshonea nguo zake bure hakunigusa.

Siwalaumu sana. Kwetu na kwao hapo hatutofautiani: povu la mtu wa kifafa likikupata, na wewe umekwisha. Nilifundishwa hivyo na mama yangu mzazi. Kwa hiyo nilipotengewa sahani yangu ya bati na kikombe changu, sikusema neno. Kanisani nikawekwa mwisho kabisa kwenye Meza ya Bwana, ninywe kikombe baada ya watu wote, nyuma hata ya mzee mmoja aliyekuwa akikohoa damu. Hapo nilisema neno, lakini nililisema moyoni.

Kisha mama mkwe wangu akaja nyumbani, akakaa, akavuta pumzi. "Mama Neema, maziwa hayo usimpe mtoto tena. Povu linatoka mdomoni tu? Liko mwilini mwote."

"Nani kasema, Mama?"

"Anayesema ni mimi niliyezaa saba."

Lazaro alikuwa pale pale, akichonga mguu wa meza ambao tayari ulikuwa umechongeka. Hakuinua uso. Neema akaondoka mgongoni kwa bibi yake akiwa na miezi saba, na mimi nikabaki na maziwa yaliyonivuja siku kumi na moja. Titi likijaa huku mtoto anasikika akilia ng'ambo ya shamba, hilo nalo ni ugonjwa, ila hauna kadi.

Hospitalini Iringa nilikaa benchini tangu saa moja asubuhi. Dresa, yule msaidizi wa mganga, aliniuliza kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Wewe ndiye wa kifafa?" Benchi zima likasogea. Mwisho nilikuwa nimekaa peke yangu, na upande wa pili watu tisa wamerundikana kwenye nafasi ya watano. Bwana mganga alinipa vidonge vidogo vyeupe, kimoja asubuhi, kimoja jioni, akasema nisiviache ghafla hata siku moja. Hakusema kwa nini. Hawasemi.

Vidonge vilifanya kazi. Lazima niseme hivyo, maana wapo watakaokwambia havifanyi. Kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Lakini nilikuwa nalala nimesimama. Ulimi mzito, majina ya wanafunzi yamenipotea, sindano naitunga mara tano. Na kingine kikakoma, ambacho sikuwa nimemwambia mtu.

Sasa nikuambie wewe. Kabla sijaanguka kulikuwa na kitu. Kwanza harufu ya udongo mvua ya kwanza inapougusa. Halafu mwanga, lakini si wa machoni. Halafu kila kitu kikawa sawa, hata yale yasiyokuwa sawa: sahani ya bati, Lazaro na meza yake, marehemu baba yangu. Nilijua kwamba nimejulikana, mimi, kwa jina langu. Haikuchukua muda wa kumaliza Baba Yetu, lakini mle ndani haukuwa muda mfupi. Kisha giza, halafu sakafu na aibu. Nikiamka nilikuwa na kichwa kinachopasuka, lakini kwa siku mbili tatu nilikuwa mpole kiasi kwamba hata kuku walinishangaa. Nilikuwa Mkristo tangu utotoni, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya, na sikuwahi hata siku moja kuguswa namna ile. Basi kidonge cheupe kikaja, kikafunga milango yote miwili kwa pamoja.

Nilivumilia mpaka mvua za kupandia. Nikamwambia mama mkwe. Usiniulize kwa nini yeye. Labda kwa sababu ndiye aliyekuwa na mtoto wangu. Mama huyu alikuwa ameokoka, yeye na wenzake wakikutana kila Jumatano uani kwake kushuhudia na kuimba. Nilipomaliza kueleza, machozi yakamtiririka.

"Mwanangu! Bwana anakutembelea, na sisi tunakutengea sahani! Tusamehe!"

Akanikumbatia. Mtu wa kwanza kunigusa kwa miezi. Jumatano ile nikashuhudia mbele ya ndugu, wakalia, wakaimba, na ndugu mmoja akauliza, "Sasa vidonge vya nini? Mtu anamzimia Roho taa yake kwa dawa ya serikali?" Nikarudi nyumbani na Neema mgongoni. Vidonge nikavimwaga chooni.

Ningeweza kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya mtoto tu, na watu wangenihurumia. Si kweli. Nilikuwa naukumbuka mwanga ule kama mtu anavyomkumbuka mama yake aliyekufa. Nilitaka vyote viwili, mtoto na mwanga, na mama mkwe alikuwa ananipa vyote viwili kwa mkono mmoja. Nani angekataa?

Mahindi mabichi yalikuwa yameiva. Jumatano nyingine tulikuwa uani kwa mama mkwe, wanawake sita, tunachoma mahindi kabla ya ibada, Neema mgongoni kwangu. Nikasikia harufu ya udongo, na mvua haikuwapo. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, "mchukueni." Ninajua nilikuwa nayo. Sikulisema, maana kila kitu kilikuwa kimeanza kuwa sawa.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nilianguka ubavu kando ya mafiga. Mama mkwe akapaza sauti, "Roho ameshuka!" na wanawake wote wakaanza kuimba. Waliimba kwa nguvu, mikono juu. Mtoto alipolia walidhani naye ameguswa. Waliimba beti mbili. Mkono wa kushoto wa Neema ulikuwa ndani ya makaa. Beti mbili, jamani. Ni jirani asiyeokoka, mtu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliyeruka uzio, akatuvuta wote wawili, povu na kila kitu, akawatukana wanawake wale matusi ambayo hata leo nayaombea baraka.

Nilipoamka niliuliza, "Nimefanya nini?"

Vidole viwili vya Neema viliungua, vikaja kupona vimeshikana. Na mama mkwe, ambaye asubuhi aliniita mjumbe wa Bwana, jioni alisema ni pepo, tena pepo mwenye hila aliyejifanya Roho. Nilikuwa nimemwangalia Lazaro. Akasema, "Nenda kwenu kidogo, Mama Neema. Mtoto abaki. Ukipona, tutaona." Tutaona! Mtu aliyekupa pete mbele ya mchungaji anakwambia tutaona.

Nikapanda basi la Relwe, la shirika la reli. Njiani, pale Igawa, basi lilisimama watu wanunue ndizi na maji, mimi nikabaki ndani nikishika shati dogo la Neema nililoiba kwenye kamba. Mbeya nilimfikia mjomba wangu Ambilikile, kaka wa mama, mwalimu wa shule pale mjini. Wamisionari walikuwa wamempeleka Amerika kusoma miaka miwili, akarudi na koti zito na sanduku la vitabu. Mkewe alinitandikia kitanda, akaniuliza jambo moja tu, kama nakula maharage. Mungu ambariki mwanamke yule.

Hospitali ya Mbeya ina benchi kama lile la Iringa. Na dresa wake naye ana sauti. Akaita, "Wa kifafa!" na watu wakasogea, kama kawaida. Lakini safari hii mama mmoja wa Kiislamu, Bi Zuhura, mwenye asili ya pwani, aliyekuwa na mguu uliovimba, hakusogea. Alikuwa na chupa ya chai. Akamimina, akanywa nusu, akanipa nusu iliyobaki kwa kikombe kile kile.

"Bi mkubwa, mimi nina kifafa," nikamwambia.

"Nimesikia, mwanangu. Hata viziwi wamesikia. Kunywa, isipoe."

Nikanywa. Nililia mpaka chai ikawa na chumvi. Kila mwezi tulikutana siku ile ile, na kila mwezi alilalamikia mguu wake, serikali, baridi ya Mbeya na bei ya iliki, na mimi nikapumzika kidogo kujilalamikia.

Bwana mganga wa Mbeya alinirudishia vidonge vile vile. Akasema kuacha ghafla ndiko kulikoniangusha vibaya. Laiti yule wa kwanza angenieleza hivyo! Nikavipokea, lakini sikuvimeza siku ile. Nilivifunga kwenye kanga nikaenda navyo mezani kwa mjomba, nikamwambia kila kitu, na mwanga pia.

Mjomba alivua miwani. "Tuse, watu wote wanakuuliza kilitoka wapi, sivyo?"

"Ndilo swali lao moja."

"Kule nilikosoma, nilifundishwa habari za wanafalsafa wa nchi ile. Wao walisema, ukitaka kujua kama wazo ni la kweli, usihangaike na lilikotoka. Uliza linafanya nini. Ukiliamini, maisha yako yanabadilika wapi? Kama hayabadiliki popote, mnabishana bure."

"Hata kama limetoka kwenye ugonjwa?"

"Hata hivyo. Kuna wasomi wanaosema mtakatifu fulani aliona maono kwa sababu alikuwa na kifafa, wanadhani wamemaliza kazi. Mbona asiyeamini Mungu naye anafikiri kwa ubongo, tena pengine anaumwa ini? Fikra zote zina mwili nyuma yake. Mti unajulikana kwa matunda yake, mwanangu. Hilo hata Bwana alilisema."

Nakwambia, moyo ulinitulia. Kwa mara ya kwanza mtu hakuniita mtakatifu wala mwenye pepo wala kichwa kibovu. Nikala ugali siku ile kama mtu aliyetoka kulima.

Mjomba alipoona nimetulia, akanogewa. Akanieleza kwamba wanafalsafa wale walisema fahamu za mtu si kitu kilichowekwa kichwani kama nguo sandukuni, bali ni mto unaopita, wazo likimimina kwenye wazo, haukatiki.

"Wangu unakatika, mjomba," nikamwambia. "Jumanne iliyopita ulikatika saa tatu, ukarudi saa nne kasoro."

Alicheka hadi chai ikampalia. Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Hilo sikulisoma," akasema.

Niliamka asubuhi nina hasira. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaume wale wa ng'ambo walikaa mezani, wameshiba, wakaandika habari za matunda. Nilimkuta mjomba akifunga viatu aende shuleni.

"Matunda ya nani, mjomba?"

"Vipi?"

"Unasema tuangalie matunda. Mimi baada ya mwanga ule nilikuwa mpole siku tatu. Nilimsamehe mama mkwe, nilimsamehe hata Lazaro. Ni tunda tamu, sikatai. Na vidole vya Neema? Hilo ni tunda la mti gani?"

Akaiachia kamba ya kiatu. Alikuwa mtu wa kujibu kila kitu, mjomba wangu, na kwa heshima zetu sikupaswa kumwuliza vile, mimi mtoto wa dada yake, tena nimesimama na yeye ameinama. Lakini nilikuwa nimechoka na heshima.

"Nalo ni la mti huo huo," akasema. "Huwezi kulitoa kapuni."

"Kwa hiyo mwanga ulikuwa uongo?"

"Sikusema hivyo, wala sijui. Kuna mambo ushahidi wake hautatosha kamwe, Tuse, na bado ni lazima uchague. Tena kungoja nako ni kuchagua."

"Kuhusu kungoja usinifundishe. Nimekaa mabenchi mawili."

Akaenda shuleni amechelewa. Mimi nikafungua kanga, nikameza kidonge bila maji. Sikuwa nimeamua kwamba mwanga ni uongo. Nilikuwa nimeamua kwamba Neema atakuja kwangu kwa mlango wa vidonge, na mlango ule mwingine niufunge mwenyewe, kwa mkono wangu. Ukiwa na ugonjwa wetu huu, usikubali mtu akwambie kumeza dawa ni jambo jepesi. Siku nyingine unameza na kitu ulichokipenda.

Nikahesabu miezi kwa vidonge. Kipupwe, Mbeya ukungu mpaka saa nne, mikono imepasuka. Kiangazi, vumbi, moto wa kuchoma mashamba milimani. Nilinenepa uso, nikasahau nyimbo nilizozijua tangu utoto. Nilianguka mara mbili, mganga akaongeza dozi, nikalala wiki nzima. Baada ya hapo sikuanguka tena. Mvua zikaja tena, miezi ikapita. Lazaro aliandika barua nne, fupi fupi: Neema anatembea. Neema ameota meno ya nyuma. Neema ana kikohozi. Mvua ni nzuri. Barua ya tano ilisema, "Mama anataka uje." Haikusema njoo nyumbani. Nilikasirika, nikafunga mzigo.

Bi Zuhura aliposikia naondoka alinipa iliki kwenye karatasi. "Mkwe wako akisema maneno, wewe mpikie chai. Mdomo unaokunywa hausemi."

Nilimkuta mama mkwe uani. Hakuwa na wenzake. Nilisikia hawakutani tena pale. Alikuwa amekonda. Neema alikuwa amesimama nyuma ya kitenge chake akinichungulia, msichana mzima mwenye miguu yake, na mimi nilikuwa na shati la mtoto wa mwaka mmoja mfukoni. Tukasalimiana, kamwene, kamwene. Nikatoa karatasi ya hospitali, nikaanza kusema miezi mingapi sijaanguka. Hata hakuitazama.

"Mama Neema, nataka uniambie jambo moja. Alikuwa nani yule? Alikuwa Bwana, au si Bwana?"

Baada ya miezi yote ile, bado swali ni hilo! Nilifungua mdomo nimjibu vibaya. Ndipo akasema, polepole:

"Maana mimi niliimba. Mtoto anaungua, mimi nimeinua mikono naimba. Kama alikuwa Bwana, aliniachaje niimbe? Na kama hakuwa yeye, nilikuwa namwimbia nani?"

Hasira yote nilikuwa nimempangia yeye, na hakukuwa na pa kuiweka. Nilikuwa na jibu la mjomba, jibu la mganga, jibu la ndugu, na hakuna hata moja lililomfaa mwanamke yule. Ningesema ni Bwana, ningekuwa nimempa Bwana ubaya ule. Ningesema ni ugonjwa mtupu, ningekuwa nasema uongo kuhusu jambo zuri kuliko yote yaliyonipata.

"Sijui, Mama," nikasema. "Mimi nilisikia dalili, na ningeweza kusema mchukueni. Sikusema. Wewe uliimba, mimi nilinyamaza. Kwa ajili ya hilo nameza dawa, kila siku, asubuhi na jioni. Zaidi ya hapo sijui."

Kisha akamnyanyua Neema akanipa.

Usifikiri mtoto alinirukia. Hakunijua. Alinitazama usoni, akapiga yowe, akamnyooshea bibi yake mikono akimwita mama. Mama mkwe akasema, "Mwache kwanza, azoee polepole, uje kesho." Nilijua alikuwa anasema kwa wema. Nilijua pia kesho ya watu hawa. Nikamfunga mgongoni akiwa anatupa miguu, nikaaga, nikashika njia ya kwenda kwa Lazaro.

Ni mwendo wa nusu saa, mashamba pande zote mbili. Alilia njia nzima, akinipiga mgongoni kwa ngumi, na watu waliokuwa wakipalilia waliinuka kunitazama kama mwizi wa watoto. Tulipofika kwenye kijito, upepo ukavuma, na nikasikia harufu ya udongo uliolowa. Nikasimama. Sikujua kama ni mvua imenyesha ng'ambo ya kilima, au ni ile nyingine inakuja. Niliketi chini haraka, mbali na maji, nikamfungua Neema, nikamweka nyasini mbele yangu. Nikasali sala ambayo sijamwambia mchungaji wala mjomba wala Lazaro. Nilisema: Mungu, kama ulikuwa ni wewe, usije.

Nikangoja. Matone yakaanza kuanguka, ya kweli, baridi, juu ya mikono yangu na juu ya kichwa cha mtoto. Hakuja. Nikamfunga tena Neema mgongoni, bado analia, nikaendelea kutembea.